Tyubu ikifunguliwa haingoji mtu mmoja



Leo sitasema juu ya mbegu wala mbolea. Nataka kusema juu ya kipira. Kile kipira cha mviringo kinachokaa kati ya mwili wa pompi na kifuniko chake, ili maji yasitoke pembeni na hewa isiingie. Kikiwa kizima, hakuna mtu anayekiangalia. Siku kinakatika, bustani yote inajua.

Mu kiangazi cha mwaka uliopita, pompi yetu ya kukanyaga hapa Musumba ilianza kuvuta hewa. Tukaifungua, tukakuta kipira kimekatika pahali pawili. Mu maduka ya hapa hakikupatikana. Tukatuma habari ku Kolwezi kwa mtu wa kamio. Barabara mnaijua: Kapanga, Sandoa, Kasaji, ndipo ushike njia ya Kolwezi. Majuma matatu yakapita. Kipira kilipofika, kilikuwa kikubwa kuliko nafasi yake. Wakati ule vitunguu vilikuwa vimekwisha kulala chini. Lengalenga ilibaki kwa wale wamama tu waliokuwa na nguvu ya kubeba maji ku kichwa, asubui na mangaribi. Mama mmoja wa kikundi chetu aliniangalia akasema: "Pompi iko, maji iko, paka kipira njo haiko."

Sikuwa na jibu. Miye ndiye mwenye kutunza vyombo vya koperative, na ile pompi ilikuwa mikononi mwangu.

Tangu siku ile nimejifunza kumimina vipira vya silikoni ndani ya kalibu. Kalibu ni ile forma ya kupatia kitu umbo, sawa vile tunafanya na matofali. Maoni yangu ni haya: kila koperative iliyo mbali na mji inapaswa kumimina vipira vyake yenyewe, na ifanye kazi hiyo kwa pamoja, siku moja, mbele ya bustani kuanza. Mtu akifanya peke yake atapoteza makuta. Najua, kwa sababu miye nilipoteza.

Kumimina si kazi ya wageni

Wengine wanasema: "Hii ni mambo ya wazungu, ya fabriki." Hapana. Sisi wa inchi hii tulimimina mbele ya fabriki yoyote kuwako. Ile misalaba ya shaba inayoitwa handa ilimiminwa ndani ya kalibu mamia ya miaka iliyopita. Watafiti walipochimba makaburi ya zamani pale Sanga, karibu na ziwa Kisale, mu miaka 1957 na 1958, waliikuta imezikwa pamoja na wenyewe. Misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa ku bendera ya Katanga mu 1960. Shaba ya upande wa Lualaba ilifika hata ku kiti cha Mwant Yav, kwa njia ya kodi na ya biashara.

Angalieni namna wazee walivyofanya. Walitumika mu kiangazi, kisha mavuno, wakati mikono iko na nafasi. Tanuru walilijenga kwa udongo wa kichuguu. Huyu analeta mawe, yule analeta makaa, mwingine anapuliza mivukuto, na mkubwa wa ufundi anasimamia. Hakuna mtu aliyewasha tanuru kwa ajili ya msalaba mmoja tu. Moto ukikwisha kuwaka, unamimina vyote unavyoweza.

Na kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Silikoni yenyewe ina deni kwa shaba. Mu 1940, mkemia wa Marekani Eugene Rochow, aliyetumika ku kampuni General Electric, alipata njia ya kuitengeneza kwa wingi. Mjerumani Richard Müller alipata njia hiyohiyo karibu na wakati uleule. Wanatoa kiini cha mawe meupe ya namna ya mchanga, wanakipitishia gesi ndani ya moto, na shaba inawekwa pale ili kazi ikwende mbio. Mpaka leo fabriki zinafuata njia hiyo. Kwa hiyo shaba inatoka huku kwetu Lualaba, inazunguka dunia, na sisi tunakaa kando ya mto tukingoja kipira.

Kosa langu la kwanza

Nilipopata nafasi ya kufika ku Kolwezi, nilinunua tyubu moja ya silikoni, ile mafundi wanatumia kwa kuzibia vioo vya madirisha. Nilirudi nayo ndani ya mfuko sawa mtu aliyeokota almasi. Nikachonga kalibu mu ubao, nikajaza silikoni, unene wa kidole kizima, kwa sababu nilifikiri kinene ndicho kigumu. Kesho yake juu kulikuwa kumekauka vizuri. Nikakitoa, nikakikata: ndani kilikuwa kingali laini, sawa bukari ambayo haijaiva.

Nikafanya kingine, chembamba, kikatoka vizuri. Nikazibia tyubu kwa msumari, nikaiweka. Kisha mwezi, jirani mmoja akaja kuomba kipira cha kifuniko cha pipa lake. Nikachomoa msumari. Silikoni ilikuwa imeganda mpaka ndani. Tyubu nzima, kipira kimoja! Bei ya kile kipira ilipita bei ya kile cha fabriki mara nyingi.

Pale ndipo nilielewa. Silikoni hii inakauka kwa kunywa unyevu wa hewa. Inaanza nje, inakwenda ndani polepole, karibu milimita 2 au 3 kwa siku. Tyubu iliyofunguliwa nayo inakunywa unyevu, hata ukiifunga namna gani. Ikifunguliwa, saa imekwisha kuanza. Haingoji mtu mmoja apate shida leo, na mwingine mwezi ujao.

Lakini fanyeni hesabu. Kipira cha pompi yetu kina upana wa sentimeta 6 nje, sentimeta 4 ndani, na unene wa milimita 4. Kinakula karibu mililita 6. Tyubu ya kawaida ina mililita 280 hivi. Ukiondoa ile inayobaki pembeni na ile inayoharibika, bado unaweza kutoa vipira zaidi ya 30. Nani kati yetu ana shida ya vipira 30? Hakuna. Koperative ndiyo inayo.

Namna tunavyofanya sasa

Mara ya pili tulifanya pamoja. Siku kumi mbele, tulitangaza: kila mtu mwenye kipira kinachochoka alete kile cha zamani, hata kama kimekatika, tuchukue vipimo. Tukatengeneza kalibu zote kwanza. Tyubu tulifungua mwisho.

Kalibu inaweza kuwa ya ubao mgumu uliolainishwa vizuri, ama ya udongo uliochomwa. Kwa sakafu yake, kipande cha bidoni ya njano kinafaa sana, kwa sababu silikoni haishiki ku plastiki ile. Ku ubao na ku udongo, paka vazelini nyembamba ama maji ya sabuni nzito, la sivyo kipira hakitatoka kizima. Msitumie kalibu ya shaba wala ya zinki. Ile harufu ya siki unayosikia wakati silikoni inakauka ni asidi, na inakula shaba mpaka igeuke kijani.

Juu ya kalibu paache wazi. Wengine wanafunika juu na chini kwa plastiki ili kitoke laini pande zote mbili. Hapo hewa haiingii, na katikati hakutakauka. Tumia ubao mnyoofu uliolowekwa mu maji ya sabuni, ulainishe juu mara moja, kisha uache.

Kwa kitu kinene kidogo, sawa mguu wa mashini ya kupukuchua mahindi, kuna njia mbili. Ya kwanza: mwaga silikoni ndani ya beseni la maji yenye sabuni nyingi ya kuoshea vyombo, uikande ndani ya maji sawa mkate, kisha uisukume ndani ya kalibu kwa vidole vilivyolowa. Inachukua unyevu mpaka ndani, na haishiki ku mikono. Ya pili: changanya na wanga mweupe wa mahindi, ule laini sana. Wanga unapeleka unyevu katikati, kitu kikauke chote kwa wakati mmoja. Lakini ukizidisha wanga, kipira kinakauka mbio na kinakuwa kigumu bila nguvu, kinakatika ovyo. Kwa hiyo kitu kitakachokaa ndani ya maji kila siku tunakimimina chembamba, bila wanga. Mwenye kutaka kutumia wanga wa muhogo ajaribu na kipande kidogo kwanza, asiweke tyubu nzima.

Tumikeni mu baraza ama chini ya muti, pahali penye upepo. Ile harufu inachoma macho. Watoto wakae mbali, na beseni ile isirudi mu jiko.

Jambo moja la huku kwetu: mwezi wa 6 na wa 7 hewa ni kavu na usiku ni baridi. Silikoni inachelewa. Tuliweka kalibu chini ya meza, pembeni yake sufuria kuukuu yenye maji, tukafunika meza kwa kitambaa kilicholowa. Baada ya siku tatu vipira vyote vilikuwa tayari. Kisha tukaviacha nje mpaka harufu ya siki ikwishe kabisa, mbele ya kuvifunga ku kitu chochote chenye shaba.

Pahali ambapo silikoni haifai

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mtu akifurahia chombo kipya anataka kukitumia popote.

Usikiweke ku kitu cha mazuti, esansi ama mafuta ya mashini. Silikoni inavimba, inalegea, na mashini ya kusaga itamwaga mafuta mbele ya watu. Usikiweke ku pompi ya mgongoni ya kupulizia dawa. Dawa nyingi zina maji makali ya kuyeyushia yanayoharibu silikoni, na pale kitakapoachia ni ku mgongo wako. Kwa chombo cha dawa, ngoja kipira cha fabriki, hata kikichelewa.

Usikiweke ku maji ya kunywa. Silikoni ya madirisha mara nyingi inatiwa dawa ya kuua ukungu, na haikutengenezwa kwa kinywa cha mtu. Kisima cha kijiji kina vipira vyake, na kina kamati yake.

Usikiweke pahali panaposuguana siku nzima, sawa kile kikombe cha ndani kinachopanda na kushuka pamoja na mti wa pompi. Silikoni inavumilia jua na moto, lakini ikipata mkwaruzo mdogo inachanika upesi. Pale ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa mafuta ni bora kuiko, na ngozi tunayo hapa.

Na kama kipira ni cha bapa tu, angalia kwanza mpira wa ndani wa kinga. Kisu na dakika tano vinatosha. Ubaya wake ni kwamba jua linaupasua. Basi pahali pa kivuli, kata mpira wa kinga. Pahali pa jua, ama pahali penye umbo la mfereji na mdomo, mimina silikoni.

Wanaopinga

Mzee mmoja wa koperative yetu aliniambia: "Mwanangu, kya fabriki kinapita kya mukono." Namheshimu, na ana haki. Kama kipira cha fabriki kiko dukani Musumba, cha kipimo chenyewe, kinunueni. Lakini tangu lini kiko? Cha mkono kinachofika leo kinaokoa kitunguu cha leo.

Wengine wanasema: "Silikoni nayo inatoka ku Kolwezi, sasa tumepata nini?" Swali ni zuri. Tofauti ni hii: tyubu iliyofungwa inaweza kungoja mu armware, hata mwaka mzima, ukiangalia tarehe iliyoandikwa juu yake. Tena tyubu moja inageuka kuwa kipira cha pompi yoyote. Kipira cha fabriki kinafaa pompi moja tu, na huwezi kujua leo ni pompi ya nani itakayokufa kesho.

Neno la tatu ndilo linanisumbua zaidi: "Na kikipasuka, nani atajibu?" Mtu akimimina peke yake nyumbani, akamuuzia jirani, kikapasuka, urafiki unakufa. Ndiyo sababu sitaki kazi hii iwe biashara ya fundi mmoja, hata kama fundi huyo ni miye. Koperative ijibu. Na ili iweze kujibu, iwe na kanuni.

Ninachopendekeza

Kwanza, kila koperative iwe na sanduku la mama. Mama ni kipira kizima, kipya, kisichotumika hata siku moja. Kinakaa pale ili tukipime na tukitengenezee kalibu. Tukingoja kipira kichakae ndipo tukipime, tutamimina kilichokwisha kunyooka, nacho hakitaziba.

Pili, siku ya kumimina iwekwe mu kalenda: mwezi wa 5, kisha mavuno ya mahindi, mbele ya bustani za kando ya mto kuanza. Siku moja, tyubu moja ama mbili, kalibu zote tayari. Wamama wawe mstari wa mbele, kwa sababu ndio wanaobeba maji siku pompi inakufa. Pale kwetu mikono yao ndiyo ilitoa vipira vizuri kuliko vyote. Mtu aliyezoea kukanda bukari anajua namna kitu kinavyokuwa tayari.

Tatu, kipira kisitoke mu depo bila kujaribiwa. Tunakivuta, tunakikunja mara mbili, tunakifunga ku pompi na kukanyaga robo saa. Kikipita, tunaandika mu kaye: tarehe, ni cha chombo gani, kimepewa nani. Kikirudi kimekatika, tunaandika pia, bila haya. Kaye hiyo ndiyo itatufundisha nini inadumu na nini haidumu.

Nne, mwanachama alipe bei ya silikoni na kidogo cha kununulia tyubu ingine. Asiyekuwa mwanachama alipe zaidi. Kese isipojaza tyubu inayofuata, mwaka wa pili hakutakuwa na siku ya kumimina.

Tano, na hapa naongea na ndugu zetu wa mashirika, pamoja na wenye kutoa gazeti hili. Mnatuletea pompi, tunawashukuru, Mungu awabariki. Lakini mukileta pompi, leteni na vipira viwili vya akiba, na karatasi yenye vipimo vyake. Picha ya watu wakipokea pompi inapigwa siku moja. Pompi inafanya kazi miaka mingi, ama inakufa mwaka wa kwanza na kuwa pahali pa kuku kulala. Mmekwisha kuona zile zinazolaliwa na kuku. Miye pia nimeziona.

Namaliza. Mwaka huu ile pompi yetu ilikatika kipira tena, mwezi wa 7, siku ya posho. Nilikwenda ku depo, nikafungua sanduku, nikachukua kipira, nikaandika mu kaye. Kufika saa kumi maji yalikuwa yanapita mu mifereji. Yule mama alikuwa pale na jembe lake. Safari hii hakuniambia kitu. Aliendelea kufungulia maji ku vitunguu vyake, mstari kwa mstari.

Mwanachama na mtunza vyombo, Musumba